Neno "Mwethya"

Katika Kitui na Makueni, ambako mvua za vuli ndizo tegemeo la mkulima kuliko zile za masika, na ambako mito hukauka ikabaki mchanga mtupu, Wakamba wana neno mwethya, yaani majirani walioitana kwa kazi isiyo na ujira. Nalo aghalabu hufasiriwa kuwa harambee, fasiri nisiyoiridhia, kwani harambee imekwisha kuwa mchango wa fedha, ilhali mwethya ni jembe na jasho. Kwa mwethya yamechimbwa matuta ili udongo usichukuliwe na mvua, na yamejengwa mabwawa ya mchanga, ambamo maji hujificha na jua kali. Serikali ya kikoloni iliulazimisha mwethya katika kazi ya matuta miaka ya 1950, walakini asili yake ni hiari. Tena mwethya ndio dhamana ya mali na roho: aliyelima shamba la jirani huijua mifugo yake na ghala yake, naye akisikia ukelele usiku, ukiwa wa mwizi ama wa ndovu watokao Tsavo, hutoka. Enyi watungaji wa kamusi, liingizeni neno hili.