Pesa za Tabianchi: Jinsi ya Kuzifuata hadi Kenyenya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kufuatilia matumizi ya umma kwa mabadiliko ya tabianchi ni kujua pesa zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika, na kazi iliyoonekana.

Ugumu wake ni kwamba pesa hizi hazikai fungu moja. Tuchukue Kenyenya, kaunti ya Kisii, nchi ya vilima na migomba. Kulinda chemchemi huweza kuandikwa chini ya maji, kung'oa mikaratusi kandokando ya mto chini ya mazingira, na kupanua kalvati chini ya barabara. Asiyejua hilo atatafuta neno "tabianchi" kwenye bajeti asilione, au alione pasipo na kazi yoyote. Ndiyo sababu nchi kadhaa, Nepal ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 2011, zilipitia bajeti zao idara kwa idara kutafuta matumizi hayo.

Kenya ilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016. Oktoba 2021, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa FLLoCA, ambao hupitisha pesa Hazina ya Kitaifa hadi kwenye kaunti, na wananchi wakapendekeza miradi kupitia kamati za wadi. Eneo bunge la Bomachoge Borabu, ilipo Kenyenya, lina wadi nne: Magenche, Bokimonge, Bombaba Borabu na Boochi Borabu. Swali la kwanza basi ni hili: mradi wa wadi yangu ni upi?

Stakabadhi za kufuata ni nne:

1. Mpango wa maendeleo wa mwaka, unaofikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1.
2. Makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30.
3. Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya kila robo mwaka, inayoonyesha kilichotolewa na kilichotumika.
4. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Ukinyimwa, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na sheria ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu.

Mwisho, nenda ukaione chemchemi yenyewe. Karatasi huweza kusema imekamilika ilhali akina mama bado wanateka maji ya tope.

Sheria hizi ndizo zinazotumika Lamu, Kilifi na Kwale. Anayeuliza habari za mikoko aanzie papo hapo.