Kore na Mboni ya Jicho: Mama na Binti katika Kisasili cha Demeter

Naomba tuanze na neno moja. Binti wa Demeter aliitwa Persephone, lakini katika ibada Wayunani wa kale walimwita Kore, yaani msichana. Neno hilo hilo lilikuwa na maana ya mboni ya jicho. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa uhusiano huo, kwa kuwa mama wa kwetu naye humwita mwanawe mboni ya jicho lake. (Lugha ina kejeli zake: mtoto wa jicho, kwetu, ni maradhi yanayozuia kuona.)

Kisa chenyewe kimehifadhiwa katika utungo wa mistari ipatayo 495, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, ambao nakala yake iligunduliwa Moscow mwaka 1777. Msichana anachuma maua na wenzake, ardhi inapasuka, Hades, mfalme wa kuzimu, anamnyakua kwa idhini ya Zeus, babaye mtoto. Mama hakuulizwa. Kwa siku tisa Demeter anazunguka na mienge mikononi, hagusi chakula wala haogi. Hatimaye anaizuia mbegu isiote, mpaka miungu wanapolazimika kumrudisha binti.

Wachambuzi wengi hukiona kisa hiki kuwa maelezo ya majira ya mwaka. Mimi huvutiwa zaidi na mkutano wao. Demeter, angali amemkumbatia mwanawe, anaingiwa na shaka, akauliza: huko chini, ulikula chochote? Ukurasa wa nakala umechanika papo hapo, ila swali laeleweka. Si swali la mungu wa mavuno hilo, bali la mama yeyote aliyempokea bintiye mlangoni akahisi kuna jambo asiloambiwa.

Sasa tutazame jibu. Awali mtunzi alitueleza kwamba Hades alimlisha punje ya komamanga kwa siri. Binti anapomsimulia mamaye anaongeza kuwa alilazimishwa. Je, mtunzi alijisahau? Sidhani. Naona hapa binti anayechagua maneno ya kumwambia mama yake, na kwa kuyachagua tu amekwisha kuacha kuwa Kore. Kwa ajili ya punje ile ataishi kwa mumewe theluthi moja ya kila mwaka. Demeter anaridhia, na mashamba yanachipua.

Pwani yetu ina Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, ambaye mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mashuhuri. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye kutaja wajibu wa mke, na wengi wetu tumeendelea kuusoma kwa miwani hiyo. Ukiusoma baada ya Demeter, mambo yanageuka: hapa anayeondoka ni mama. Bwana Mataka wa Siu, babaye binti, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856. Mwana Kupona hana mbegu ya kuizuia. Anamwita mwanawe asogee na wino na karatasi, kisha anayasema yote kwa mkupuo mmoja, dua ikiwemo, maana siku binti atakaporudi kutoka kwa mumewe, yeye hatakuwepo mlangoni kumuuliza alikula nini.