Hussein Radjabu na Kiti cha Chama Baada ya Arusha

Aghalabu mwanasiasa mwenye msimamo mkali, katika nchi iliyogawanyika kwa nasaba, huhesabiwa kuwa ni mtu wa kabila lake tu, asiye na mtaji mwingine ila adawa ya kale. Na kwa Bujumbura, nchini Burundi, ya mwaka 1995, pale vijana wa Sans Échec, wanamgambo wa Kitutsi, walipokuwa wakitamalaki njia za mji, jeshi likawahamisha watu wa Kamenge, mtaa wa Wahutu, na Musaga na Nyakabiga zikabaki mitaa ya Watutsi peke yao, hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Walakini maisha ya Hussein Radjabu, mwenyekiti wa zamani wa CNDD-FDD, kundi la waasi wa Kihutu lililogeuka chama tawala, hayaingii katika hesabu hiyo, nami nadai kuwa ukali wake ulikuwa wa chama kabla ya kuwa wa kabila.

Radjabu alikuwa Mwislamu katika nchi ambayo wengi wa raia wake ni Wakristo, na katika miaka ya msituni cheo chake kilikuwa cha katibu mkuu, yaani mtu wa daftari, wa kupanga watu na kujua nani ana deni la fadhila kwa nani. Ujuzi wa namna hiyo hauimbwi katika nyimbo za askari, lakini vita vikiisha ndio unaobaki na thamani.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005 iliyoufuata, viliweka kanuni kwamba Baraza la Mawaziri na Bunge viwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, na Seneti igawanywe nusu kwa nusu. Hikima ya kanuni hiyo ni dhahiri, kwani chama chochote kilichotaka kutawala kililazimika kuwa na watu wa pande zote mbili. Ila ni wachache waliotambua mapema kwamba ugomvi, ukishafungiwa mlango wa kabila, utaingia kwa mlango wa chama, na kwamba atakayeshika orodha ya wagombea ndiye atakayeshika dola. Radjabu alilitambua. Tangu Pierre Nkurunziza alipoapishwa Agosti 2005, ilisemwa mjini kuwa Rais ni mmoja na mwenye amri ni mwingine. Na Septemba 2006 Alice Nzomukunda, Makamu wa Pili wa Rais, alipojiuzulu akimshutumu mwenyekiti kwa kuingilia kazi za serikali, shutuma hiyo haikutoka kwa mpinzani bali kwa mwanachama mwenziwe.

Mwaka huohuo Rais wa zamani Domitien Ndayizeye alitiwa ndani pamoja na wengine kwa tuhuma ya kupanga mapinduzi, na Januari 2007 Mahakama ya Juu ikamwachia huru. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Februari, mkutano mkuu wa Ngozi ukamwondoa Radjabu; Aprili akakamatwa; na Aprili 2008 akahukumiwa kifungo cha miaka 13 kwa kosa la kuhatarisha usalama wa dola, tuhuma ya jinsi ileile iliyowakuta wenziwe wakati yeye mwenyewe alipokuwa kileleni. Sisemi kwamba hukumu ilikuwa ya haki wala ya dhulma. Nasema tu kwamba silaha ilikuwa moja, na iliyobadilika ni mikono.

Wabunge 22 waliosimama upande wake, au waliokwisha kujitenga na chama kwa sababu zao, walivuliwa viti Juni 2008 kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba, na humo hoja ya kabila haikuwamo hata chembe: mbunge ni wa chama, na akikiacha chama kiti si chake. Mwenyekiti wa zamani asingeweza kuipinga mantiki hiyo pasipo kujipinga nafsi yake.

Tarehe 1 Machi 2015 alitoroka gereza la Mpimba, wiki chache kabla ya mji kuwaka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, na wengi wakashughulika na swali la nani aliyemfungulia mlango. Lililonishughulisha mimi ni kiti alichokiacha. Mwaka 2016 uongozi wa chama ulikabidhiwa katibu mkuu, Jenerali Évariste Ndayishimiye, na mwaka 2020 ni huyohuyo katibu mkuu aliyeingia Ikulu.