Uvujaji wa maji ya rejeta

Uvujaji wa maji ya rejeta ni hali ambapo maji au kipozaji hutoka nje ya mfumo wa kupoza injini ya gari kupitia ufa, tundu, kiungio kilicholegea au gasketi iliyokufa. Kipozaji hicho huitwa pia kulanti katika gereji nyingi za Afrika Mashariki. Uvujaji ni mojawapo ya sababu kuu za injini kupata joto kupita kiasi, hali ambayo madereva huiita gari "kuchemsha".

Mara nyingi uvujaji huanzia katika sehemu za bei ndogo, kama vile mipira, vibano na kifuniko cha rejeta. Mwenye gari anaweza kuzirekebisha nyumbani kwa vifaa vichache. Usiposhughulikiwa mapema, uvujaji huohuo unaweza kupinda silinda hedi na kudai matengenezo ya gharama kubwa, au kuua injini nzima.

Jinsi mfumo wa kupoza unavyofanya kazi

Injini huchoma petroli au dizeli ndani ya silinda, na sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hayo hugeuka kuwa joto badala ya kuzungusha magurudumu. Kipozaji huzunguka katika njia zilizo ndani ya bloku na silinda hedi, hubeba joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta. Humo hupita katika mirija myembamba inayopulizwa na upepo wa mwendo au wa feni, kisha hurudi katika injini. Pampu ya maji ndiyo inayokisukuma. Thamostati ni vali inayobaki imefungwa injini ikiwa baridi na kufunguka joto linapofika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi.

Rejeta za kisasa zina asili yake katika kazi ya mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach, aliyebuni rejeta yenye umbo la sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes la mwaka 1900. Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba. Nyingi za sasa zina mirija ya alumini na matangi ya plastiki juu na chini, au kulia na kushoto.

Mfumo huu hufungwa ili ufanye kazi chini ya shinikizo. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kama ulivyo mji wa Nairobi, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kati ya nyuzi 94 na 95 tu. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke usitoke na hivyo kupandisha shinikizo, kwa kawaida hadi karibu bar 1 juu ya lile la hewa ya nje. Katika shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kwa sababu hiyo tundu dogo lina madhara mawili: hupunguza kiasi cha maji, na pia huondoa shinikizo, hivyo maji yaliyobaki huchemka mapema zaidi.

Dalili

Dalili za uvujaji ni pamoja na:
- maji kupungua katika rejeta au tangi la akiba mara kwa mara;
- mshale wa kipimajoto kupanda kupita mahali pake pa kawaida;
- unyevu au matone chini ya gari baada ya kuegeshwa;
- ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kwenye viungio vya mipira;
- harufu tamutamu ndani ya gari au chini ya boneti;
- zulia la abiria wa mbele kuloa, ikiwa hita inavuja.

Si kila maji chini ya gari ni uvujaji. Kiyoyozi hudondosha maji safi yasiyo na rangi wala harufu, hasa katika miji yenye unyevu kama Dar es Salaam na Mombasa. Kipozaji huwa na rangi na huteleza kidogo kati ya vidole. Mtu anayetumia maji matupu katika rejeta hawezi kutofautisha kwa rangi, hivyo huna budi kuangalia kama kiasi kinapungua.

Usalama

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke papo hapo kifuniko kinapolegea, na huruka usoni, kifuani na mikononi mwa anayefungua. Inafaa kusubiri nusu saa au zaidi, kisha kugusa mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu na wa moto, shinikizo halijaisha. Hata baada ya kupoa, kifuniko hufunikwa kwa kitambaa kinene na kuzungushwa polepole hadi hatua ya kwanza, ili mabaki ya mvuke yatoke kabla ya kukiondoa.

Feni inayoendeshwa kwa umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo mikono na nguo huwekwa mbali nayo.

Kipozaji kingi kina ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Watoto, mbwa, mbuzi na kuku wanaweza kuinywa ikimwagwa ovyo. Kipozaji kinachotolewa hukingwa katika beseni, hutiwa katika dumu lenye kifuniko na alama, na huwekwa mbali na vyombo vya maji ya kunywa. Dumu hilo halitumiwi tena kubebea maji ya nyumbani.

Kutafuta mahali panapovuja

Kazi nyingi ya matengenezo haya ni kutafuta, na haigharimu fedha. Injini ikiwa baridi, sehemu zote hufutwa kwa kitambaa zikauka. Mfumo hujazwa maji, kifuniko hufungwa, na gazeti au boksi lililokunjuliwa hutandazwa chini ya gari. Kisha injini huwashwa ikaachwa iungurume mpaka ipate joto lake la kawaida, huku mtu akimulika kwa tochi bila kugusa feni wala mikanda. Mahali matone yanapoangukia kwenye boksi huonyesha upande wa kuanza kutafuta. Hata hivyo maji hutiririka kufuata chuma, hivyo chanzo mara nyingi kiko juu zaidi ya mahali yanapodondokea.

Utafutaji huanza na sehemu za bei rahisi:

1. Kifuniko. Mpira wake wa ndani ukiwa umekauka, umepasuka au springi imelegea, hakishiki shinikizo. Kifuniko kipya kinapaswa kuwa na shinikizo lilelile lililoandikwa kwenye cha zamani, kwa mfano 0.9 au 1.1.

2. Vibano na ncha za mipira. Unyevu hapa ni wa kawaida kwa magari yaliyokaa muda mrefu.

3. Mipira yenyewe. Mpira mzuri hunyumbulika ukibinywa. Ulioiva huwa laini kama sifongo, na uliokauka hutoa mlio wa kupasuka na kuonyesha nyufa.

4. Rejeta. Nyufa hutokea zaidi mahali tangi la plastiki linapokutana na alumini.

5. Pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo cha chini kinachotoa maji sili ya ndani inapokufa.

6. Thamostati na gasketi ya nyumba yake.

Maji yakipungua bila kuonekana nje, huenda yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi. Ishara zake ni moshi mweupe mwingi usioisha hata injini ikipata joto, mapovu yasiyokoma katika rejeta, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Gari la namna hii halifai kuendelea kuendeshwa.

Matengenezo ya nyumbani

Vibano. Kibano cha skrubu hukazwa kwa bisibisi mpaka mpira ushike barabara bila kukatwa. Kibano cha springi kilicholegea hubadilishwa. Waya wa kufungia hushika kwa dharura tu, kwa kuwa hukata mpira baada ya muda.

Mpira uliopasuka nchani. Ufa ukiwa ndani ya sentimita 2 au 3 za mwisho na mpira una urefu wa kutosha, ncha hiyo hukatwa kwa kisu kikali. Mdomo wa bomba husafishwa kutu na ukoko kwa msasa laini, mpira husukumwa mpaka upite uvimbe wa bomba, na kibano hukazwa nyuma ya uvimbe huo. Ufa ulio katikati unahitaji mpira mpya. Ukipasuka safarini, mahali hapo hukaushwa na kuzungushiwa kwa nguvu kipande cha tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka. Kifungo hiki kinakusudiwa kulifikisha gari gereji, si kubaki hapo kwa miezi.

Mpira wa hita. Katika nchi za joto mwenye gari anaweza kuitenga hita inayovuja kwa kuunganisha mipira yake miwili kwa bomba fupi la chuma na vibano viwili. Maji huendelea kuzunguka bila kupitia hita. Athari yake ni kukosa hewa ya moto ya kuondolea ukungu kwenye kioo, jambo la kufikiriwa na wanaoishi katika nyanda za juu zenye baridi.

Rejeta ya shaba. Tundu dogo huzibwa kwa lehemu na fundi wa rejeta. Gharama yake kwa kawaida huwa ndogo kuliko kununua rejeta nyingine.

Rejeta ya alumini na plastiki. Lehemu ya kawaida haishiki alumini. Ufa mdogo wa plastiki unaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi inayovumilia joto, baada ya kumwaga maji, kukwangua kwa msasa, kusafisha mafuta na kuacha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kwa kuwa plastiki hutanuka na kusinyaa kila siku, kiraka hiki ni cha muda.

Dawa ya kuziba. Dawa zinazomiminwa katika rejeta huweza kuziba matundu membamba sana. Zikizidi kipimo, huziba pia mirija ya rejeta na ya hita. Hali kadhalika desturi ya madereva ya kutia yai bichi au pilipili manga: tundu linaweza kuziba, lakini uchafu hubaki ndani ya mfumo na hauna budi kusafishwa.

Pampu ya maji hubadilishwa badala ya kuzibwa. Inapoendeshwa na mkanda wa nje, mtu mwenye spana na uvumilivu anaweza kuibadilisha. Inapoendeshwa na mkanda wa taimingi, kazi huachiwa fundi, kwa sababu kuufunga mkanda huo vibaya kunaweza kugonganisha vali na pistoni. Gasketi ya silinda hedi pia ni kazi ya fundi.

Kujaza upya na kutoa hewa

Baada ya matengenezo, mfumo hujazwa polepole ili hewa isibaki ndani. Hita huwekwa kwenye joto la juu, injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, na mpira wa juu hubinywabinywa mapovu yatoke. Thamostati inapofunguka, kimo cha maji hushuka na huongezwa tena. Kifuniko hufungwa kabla maji hayajaanza kufurika. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kiasi hukaguliwa upya. Hewa iliyobaki hufanya kipimajoto kipande na kushuka bila mpangilio.

Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kipozaji na nusu maji yaliyotoneshwa. Uwiano huo hauli chuma, hulainisha pampu na hugandia kwenye takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Kipozaji kilichouzwa kikiwa tayari kimechanganywa hakiongezwi maji. Rangi pekee haitoshi kutambua aina, hivyo hufuatwa maelekezo ya kitabu cha gari.

Maji matupu hupoza vizuri, na kwa dharura yanafaa. Yakitumika kwa muda mrefu huleta kutu, na maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha magadi ndani ya mirija. Mtu anayeokoa fedha kwa kutumia maji hayo mara nyingi huzilipa baadaye kwa kununua rejeta.

Makosa ya kawaida

Baadhi ya madereva huondoa thamostati ili gari lisichemshe. Injini hukawia kupata joto lake, hutumia mafuta mengi na huchakaa, na uvujaji uliosababisha tatizo hubaki palepale.

Kosa lingine ni kumwaga maji baridi katika injini iliyochemsha. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Maji huongezwa injini ikishapoa.

Kosa kubwa zaidi ni kuendelea na safari mshale ukiwa juu kwa kuwa mji hauko mbali. Maji yakiisha kabisa, hata kipimajoto kinaweza kudanganya, kwani kihisio chake hakiguswi tena na maji. Dereva anayeona mshale unapanda huzima kiyoyozi na kufungua hita yote, ambayo hupunguza joto la injini kidogo, kisha huegesha mahali salama na kuzima. Mpira na kibano hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya spea; silinda hedi iliyopinda hudai kufunguliwa kwa injini, kuchongwa kwa mashine na gasketi mpya, na gari la biashara husimama siku zote hizo bila kuingiza chochote.