Nguruwe wa mjomba na vita vya maprofesa wawili

Jumapili nilikwenda kwa mjomba, nje kidogo ya mji, anakofuga nguruwe. (Ndiyo, mimi kitimoto nakula, msiokula mnisamehe.) Bandani kulikuwa na jike amelala ubavu, watoto tisa wanagombea chuchu. Nikajifanya mjuaji: mjomba, kwa nini usimpandishe sasa hivi, mbona unapoteza muda? Mjomba akacheka sana. "Wewe mwandishi wa habari, huyu haingii joto wakati ananyonyesha. Nikiwatoa hao watoto, siku ya tano anatafuta dume mwenyewe."

Nikamuuliza, watoto kunyonya kunazuiaje mimba? Hapo mjomba akasema nikamuulize daktari wa mifugo. Sikwenda kwa daktari, nikaenda kusoma, na nilichokikuta kinanifanya niandike usiku huu.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba bosi wa homoni zote mwilini ni pituitari, kale katezi kadogo kalikoning'inia chini ya ubongo. Mwingereza Geoffrey Harris akabisha. Alisema pituitari nayo inapokea amri, na amri hizo zinatoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi, zikisafiri ndani ya vimishipa vidogo vya damu. Mwaka 1955 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Tatizo ni moja: hakuna aliyekuwa ameikamata hiyo kemikali inayobeba amri.

Wakajitokeza wawili. Roger Guillemin, Mfaransa, na Andrew Schally, mzaliwa wa Poland. Walifanya kazi pamoja mjini Houston, Marekani, kuanzia 1957 hadi 1962, wakashindwa kuipata, wakaachana. Na waliachana vibaya jamani. Schally akahamia New Orleans, na tangu hapo kila mmoja akawa anakimbia ili mwenzake asifike kwanza.

Mbio zenyewe zilikuwa za machinjioni. Homoni inayotafutwa ipo kidogo mno, kwa hiyo ilibidi kukusanya vipande vya ubongo kwa malaki. Guillemin alichukua vya kondoo, vikafika mamilioni. Schally alichukua vya nguruwe, akisaidiwa na kampuni ya nyama ya Oscar Mayer. Mwaka 1971 kundi lake likatangaza muundo wa homoni inayoiamrisha pituitari iamshe ovari, ile inayoitwa GnRH kwa kifupi. Vipande zaidi ya 160,000 vya nguruwe vilisagwa na kuchujwa, na kilichobaki mwishoni hakikufika hata miligramu moja! Guillemin akafuata muda mfupi baadaye na ya kondoo. Ikawa ni ileile. Na ya binadamu ni hiyohiyo. Harris alifariki mwaka huohuo wa 1971.

Mwaka 1977 mahasimu hao wakajikuta jukwaa moja wakipokea Nobel. Walipewa nusu, wagawane. Nusu nyingine ilikwenda kwa mwanamama Rosalyn Yalow.

Lakini swali langu la bandani lilikuwa bado. Kipande kilichokosekana kilitoka kwa Ernest Knobil wa Pittsburgh, aliyekuwa akifanya kazi na nyani. Mwaka 1978 kundi lake lilionyesha kwamba GnRH haifanyi kazi kwa kumiminika tu. Ukimpa mnyama mfululizo, pituitari inanyamaza. Ukimpa kwa mapigo, kila baada ya saa moja hivi, inaamka. Kwa maneno mengine, ubongo unapiga ngoma, na pituitari inasikiliza mdundo.

Sasa rudi bandani. Nguruwe ananyonyesha takriban kila saa, mchana na usiku, ingawa maziwa yenyewe yanatoka kwa sekunde chache tu kila mara. Kule kuvutwa chuchu kunapeleka taarifa ubongoni, na ubongo unaachilia kemikali za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea. Hizo ndizo zinazopunguza mdundo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwadunga nguruwe wanaonyonyesha dawa ya kuzizuia, mapigo yakaongezeka watoto wakiwa bado wananyonya. Kwa hiyo ovari hazina kosa lolote, zimekosa amri tu. Watoto wakiondolewa mdundo unarudi, mayai yanakua, na baada ya siku nne hadi saba jike yuko tayari. Akiwa amekonda sana, hasa uzao wa kwanza, anachelewa.

Dada zangu mnaosoma hapa mtakuwa mmeshajiuliza kuhusu binadamu. Ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa, ila kwetu kinga inavuja mapema. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana kwamba mama anayenyonyesha bila kumchanganyia mtoto vyakula vingine, ambaye hajaona siku zake, na mtoto hajatimiza miezi sita, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, hesabu hiyo haipo tena. Nasema hivi kwa sababu namjua rafiki aliyeambiwa na mashoga zake "unanyonyesha, huwezi kushika", wakati mtoto ana miezi tisa na anakula ugali. Sasa hivi ana wawili wanaofuatana kama ngazi.

Jana nikampigia mjomba nikamsimulia yote. Aliniuliza kama wale wazee wawili walipatana. Nikamwambia wote wamefariki 2024, Guillemin Februari na Schally Oktoba. Akakaa kimya kidogo, kisha akataka kujua nguruwe wote hao 160,000, nyama yake ilikwenda wapi.