Shule Iliyowapa Watoto Moyo

Katika kila darasa yuko mtoto anayekaa nyuma; akiulizwa hunyamaza. Watu husema: Huyu hana akili. Lakini mara nyingi akili anayo. Kilichopungua ni moyo.

Alfred Adler alilijua jambo hilo. Alizaliwa karibu na Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1870. Utotoni aliugua mifupa, tena hesabu zilimshinda. Kama alivyosimulia mwenyewe, mwalimu alimshauri baba yake amtoe shuleni, akajifunze kushona viatu. Baba akakataa, baadaye mtoto yule akawa hodari wa hesabu, kiisha akawa daktari. Alifundisha kwamba kila mtoto, kwa kuwa mdogo kati ya wakubwa, hujiona duni. Akitiwa moyo hujitahidi; akivunjwa moyo hukata tamaa, ama huwa mkaidi.

Baada ya vita ya 1914–1918, Adler alianza kuwashauri wazazi na walimu wa Vienna. Mwaka 1931 walimu watatu waliofuata mafundisho yake, Oskar Spiel, Ferdinand Birnbaum na Franz Scharmer, walifungua shule ya majaribio katika mtaa wa wafanyakazi maskini. Huko wanafunzi walikusanyika na mwalimu wao kuzungumza mambo ya darasa: magomvi, uvivu, woga. Mwalimu hakuketi kama hakimu. Aliwaongoza watafute sababu na kumwonyesha mwenzao njia. Aliyejua somo alimsaidia asiyejua, na huyu naye alipewa kazi ya kuwafaa wote. Hivyo mtoto aliona kwamba wenzake wanamhitaji, akaanza kujitumainia. Sifa tupu haziwezi kazi hiyo, maana mtoto hutambua upesi kama anadanganywa.

Mwaka 1934 serikali ya mabavu iliifunga shule ile. Adler alikufa mwaka 1937 huko Aberdeen, Uskoti. Lakini baada ya vita ya 1939–1945, Spiel na Birnbaum waliianzisha tena.

Basi, ninyi walimu, mazungumzo ya namna hii hayadai fedha. Yadai saa moja na uvumilivu. Ila wekeni kwanza sheria: yanayosemwa darasani yasichekwe njiani. Bila sheria hiyo, mtoto mwoga atajuta kufungua kinywa, wala hatakifungua mara ya pili.