Safu ya Lugha: Kidijitali

Katika shule za upili za Nakuru, kutoka Naivasha hadi Molo, neno "kidijitali" hubandikwa kwenye kila chombo chenye waya, mazoea yaliyokolezwa na kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2013, ambapo wanasiasa vijana walijiita wa kidijitali na wapinzani wao wazee wakaitwa wa analogi. Chimbuko lake ni digitus, kidole kwa Kilatini, kwa kuwa watu walihesabu kwa vidole, na kwa hiyo kilicho cha kidijitali ni kile kinachowakilisha habari kwa tarakimu, hasa 0 na 1. Kielektroniki ni neno pana zaidi, kwani redio kuukuu ya transista ni ya kielektroniki ila si ya kidijitali, nalo "mtandaoni" hudai muunganisho, hivi kwamba maabara ya kompyuta isiyo na intaneti, hali isiyo ngeni mashambani, ni ya kidijitali bila kuwa mtandaoni. Aidha, "ujuzi wa kidijitali", mmojawapo wa umilisi wa kimsingi katika Mtaala wa Umilisi wa Kenya, haukomi kwenye kuwasha mashine na kupiga chapa, bali unajumuisha kutafuta habari, kupima ukweli wake na kuitumia kwa usalama, kwa hiyo shule iliyonunua kompyuta imepata vifaa vya kidijitali tu, jambo ambalo mabango ya shule ya kusajili wanafunzi husahau kwa urahisi wa kushangaza.